Dai Stakabadhi, Kataa Chai

Wananchi wapenda mageuzi, na ninyi waumini wa makanisa yote ya Migori na Homa Bay: tulipodai mfumo wa vyama vingi hatukudai karatasi ya kura peke yake. Tulidai kwamba kila mwenye madaraka, kuanzia Ikulu hadi kando ya barabara, ayatumie kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa na atoe hesabu yake mbele ya umma. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini na Mchungaji Timothy Njoya walipoukemea utawala wa chama kimoja mwaka 1990, walikuwa wakikataa mamlaka yasiyohojiwa. Kifungu cha 2A, kilichoingizwa katika Katiba mwaka 1982 ili Kanu iwe chama pekee, kilifutwa Desemba 1991. Tarehe 29 Desemba 1992 tukapiga kura ya vyama vingi. Tarehe 27 Agosti 2010 tukaipata Katiba mpya, yenye sura nzima ya haki za raia.

Lakini iko serikali moja ndogo ambayo mageuzi hayo yote hayajaing'oa. Ifuate barabara kuu itokayo Rongo, ipitayo Awendo na Uriri, iingiayo mji wa Migori na kufika mpakani Isebania. Au ile inayochepuka Rongo kwenda Rodi Kopany na Homa Bay. Au ile ya Kendu Bay. Popote penye kizuizi, askari mmoja aweza kugeuka mshtaki, shahidi, hakimu na mweka hazina katika muda wa dakika tatu, na hukumu yake haina nambari ya kesi, haina stakabadhi, wala haina rufaa. Neno kizuizi tulilitumia zamani kwa wale waliofungwa bila kufikishwa mahakamani. Leo ndilo tunalolitumia kwa misumari iliyotandazwa barabarani. Si ajabu. Mambo hayo mawili yana asili moja: ni adhabu inayotolewa bila kesi.

Watu watatuuliza: wapiganiaji wa demokrasia hawana kazi kubwa kuliko kushughulikia madereva waliokamatwa kwa kwenda kasi? Jibu letu ni hili. Raia wengi wa kwetu hawatakutana na Rais wala Jaji Mkuu katika maisha yao. Serikali wanayoitazama usoni ni chifu, karani na askari wa trafiki. Mtoto aliyepakatwa ndani ya matatu akiona noti ikipita dirishani na gari likiruhusiwa kwenda zake, amekwisha kufundishwa somo la uraia kabla hajajua kusoma. Hakuna semina ya Katiba itakayolifuta somo hilo kwa urahisi.

Tuseme basi kwamba dereva amesimamishwa katika kituo cha biashara, akaambiwa kuwa mashine imemsoma akienda kilomita 58 kwa saa mahali ambapo sheria inaruhusu 50. Amezidisha kilomita 8. Mbele yake ziko njia tatu, na msomaji anazijua zote, ijapokuwa ni moja tu inayokanyagwa kila siku.

Njia ya kwanza ni chai. Hii ndiyo njia inayosifiwa kuwa rahisi, na tunasema kwa sauti kubwa kwamba sifa hiyo ni ya uongo. Kwanza, ni jinai iliyo kubwa kuliko kosa lenyewe. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haimshiki mpokeaji peke yake. Mtoaji naye ni mhalifu, na kila mmoja wao aweza kufungwa hadi miaka 10, au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Dereva aliyekuwa na kosa la faini amejitwika kosa la jela, ili kuokoa saa moja ya safari.

Pili, chai mara nyingi ni ghali kuliko haki. Jedwali la makosa madogo ya trafiki lililotangazwa mwaka 2016 liko wazi. Aliyezidisha kilomita 1 hadi 5 huonywa tu. Aliyezidisha 6 hadi 10 hulipa shilingi 500. 11 hadi 15, shilingi 3,000. 16 hadi 20, shilingi 10,000. Pimeni wenyewe: ni wangapi waliokunja noti ya shilingi 1,000 kwa kosa ambalo sheria ililipangia shilingi 500, au ambalo lilistahili onyo tu? Walidhani wanamhonga askari awapunguzie, kumbe wamejitoza wenyewe zaidi ya alivyowatoza mtunga sheria. Ujinga wetu wa sheria ndio mtaji wa mla rushwa.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, chai huuza maisha ya watu wengine. Sisi hatuandiki kuwatetea wanaokimbiza magari. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Liendalo 100 hupita karibu mita 28, na nguvu ya mgongano wake huwa mara nne. Kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,000. Vituo vyetu vya biashara vimejengwa kandokando ya lami: soko upande huu, shule upande ule, kanisa mbele kidogo. Kikomo cha kilomita 50 kimewekwa kwa ajili ya mama avukaye na karai la omena kichwani na kwa ajili ya mtoto atokaye shule. Dereva akinunua ruhusa ya kukivunja, na askari akiuza, bei waliyopatana ni uhai wa mtu ambaye hakuwapo katika mapatano hayo.

Tumekwisha kuona kwamba nidhamu inawezekana. Tarehe 1 Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika, matatu zililazimika kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Wananchi walitembea kwa miguu kwa siku kadhaa, nao wakavumilia. Kanuni zile hazikushindwa kwa sababu Mkenya hapendi sheria. Zilidhoofika kila mahali ambapo gari lisilo na kidhibiti liliweza kupita kwa noti moja.

Njia ya pili ni ya mtu mwenye kosa: akiri na alipe, lakini alipe kwa mujibu wa sheria. Aandikiwe notisi inayotaja kosa, mahali, saa na kiasi cha kuzidisha mwendo. Alipe mahali panapotambuliwa na serikali, apewe stakabadhi, aiweke. Kiwango chaweza kubadilishwa na wenye mamlaka, kwa hiyo ni haki yake kuonyeshwa kiwango kinachotumika siku hiyo. Kama mwendo ulizidi mno, atafikishwa mahakamani, na hapo kifungu cha 43 cha Sheria ya Trafiki kinaweka faini isiyozidi shilingi 100,000. Haya ni maumivu, na yanapaswa kuwa maumivu. Lakini fedha hizo zinaingia katika hazina ya umma, na rekodi yake inabaki. Mwenye kosa akilipa kwa stakabadhi hajashindwa. Ametimiza wajibu wa raia. Tena amemnyima mla rushwa mteja mmoja.

Njia ya tatu ni ya mtu asiye na kosa, au mwenye shaka ya kweli kuhusu ushahidi: akane na ajitetee. Hii ndiyo njia iliyoota nyasi, maana watu wameaminishwa kwamba kukana ni ukaidi. Si ukaidi. Ibara ya 50 ya Katiba inasema mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Inampa haki ya kuelezwa shtaka kwa ukamilifu, kupewa muda wa kutayarisha utetezi, kuonyeshwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, kuuliza mashahidi maswali, na kupewa mkalimani bila malipo kama haielewi lugha ya mahakama. Mzee anayesema Dholuo tu, au mama wa Kuria aliyefahamu lugha ya kwao peke yake, hana sababu ya kutikisa kichwa mbele ya maneno asiyoyaelewa.

Na hata Sheria ya Trafiki yenyewe, iliyotungwa zamani za ukoloni, haikumwachia askari macho yake tu. Kifungu cha 43 kinasema mtu hawezi kuhukumiwa kwa kosa la mwendo kwa ushahidi wa shahidi mmoja pekee anayetoa maoni yake kwamba gari lilikuwa likienda kasi. Kwa hiyo dereva aulize: ni mashine gani iliyonipima? Usomaji wake uko wapi? Nani aliitumia, na ilipimwa lini kuwa ni sahihi? Tena kifungu cha 42, kinachoweka kikomo cha kilomita 50 mijini na katika vituo vya biashara, kinaiamuru mamlaka ya barabara iweke na kutunza alama za kumwonyesha dereva mahali kikomo kinapoanzia na kinapoishia. Ambapo alama haipo, hilo ni neno la kuiambia mahakama, si la kunung'unikia hotelini.

Tunajua kinachowatisha watu: seli. Wengi hutoa chai si kwa sababu wana kosa bali kwa sababu ni Ijumaa jioni, na askari ametaja neno Jumatatu. Basi jueni hili. Ibara ya 49 inasema anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Afikishwe mahakamani katika saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zimeishia nje ya saa za kazi. Na aachiliwe kwa dhamana au bondi yenye masharti ya kiasi, isipokuwa kuna sababu nzito. Ibara hiyohiyo inaongeza kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Anayemtishia mtu rumande kwa kosa la faini anavunja Katiba akiwa amevaa sare ya kuilinda. Na fedha ya dhamana si faini. Hutolewa kwa stakabadhi, na kesi ikiisha hurudishwa kwa mwenyewe aliyetimiza masharti. Ni wangapi kwetu waliolipa dhamana wakaondoka wakiamini wamelipa adhabu, wasirudi tena?

Hata mahakamani kuna mlolongo wa kuogopwa. Wazee wenzetu wanaukumbuka mlolongo wa mwaka 1988, watu waliposimamishwa mistari nyuma ya wagombea na mstari mfupi ukatangazwa mshindi. Siku hizi uko mlolongo mwingine: madereva waliopangwa kizimbani, shtaka linasomwa haraka, kila mmoja anasema ni kweli, faini inatajwa, anayefuata. Anayeingia humo bila kujua haki yake amejifunga, kwa sababu aliyekiri hawezi kukata rufaa juu ya kuhukumiwa kwake; aweza tu kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu, na ana siku 14 za kufanya hivyo. Utaratibu wa kukiri umewekwa tangu mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, nao haujachakaa. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe, kadiri iwezekanavyo, kama alivyoyasema. Kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyotokea. Mshtakiwa aulizwe kama anayakubali, na akiyapinga, iandikwe kwamba amekana. Dereva akisema, "Ni kweli nilikuwa naendesha, lakini si kwa mwendo huo," huyo hajakiri kitu.

Kuna hoja tunazosikia, nasi hatutazikwepa. Ya kwanza ni kwamba kwenda mahakamani ni kupoteza siku ya kazi, na mwenye matatu anataka hesabu yake jioni. Ni kweli. Lakini dereva anayetoa chai kila safari anapoteza siku hiyohiyo vipande vipande, mwaka mzima, na nauli inapanda ili kuifidia. Gharama ya hongo hailipwi na mwenye gari. Inalipwa na mwenye gunia, na mgonjwa anayepelekwa hospitali. Tena abiria tusijifanye malaika. Nani humwambia dereva, "Mpe twende"? Ni sisi, tunaokwenda mazishini, sokoni na ibadani. Tunaingia kanisani tukiwa tumechelewa dakika chache tu, na mikono yetu ni michafu.

Hoja ya pili ni kwamba askari analipwa kidogo. Hatuwachukii askari. Jopo la Jaji mstaafu Philip Ransley mwaka 2009, na lile la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lililoteuliwa mwaka 2022, yalitazama hali ya maisha na kazi za polisi, nasi tunaunga mkono askari apate nyumba ya heshima na mshahara wa kumtosha. Lakini isidhaniwe kwamba chai huishia mfukoni mwa yule anayesimama juani. Askari wa trafiki walipopigwa msasa mwaka 2016, Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi iliwauliza juu ya fedha zilizotumwa kwa simu kutoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa wao, na wengine walishindwa kuzieleza. Hongo ina ngazi kama cheo. Anayempa askari wa chini amewalisha wa juu, na wa juu ndio wanaoamua nani apangwe barabara gani.

Hoja ya tatu ndiyo inayotuuma kuliko zote: kwamba viongozi wetu wenyewe hawasimami kizuizini. Misafara yao hupita katikati ya soko kwa mwendo wa kutisha, taa zikiwaka, na askari anapiga saluti. Hapa hatutafuti mchawi nje ya boma. Wako waliochaguliwa kwa jina la mageuzi, kwa kura za Nyanza Kusini, ambao leo wanaishi kana kwamba kikomo cha kilomita 50 kiliwekewa wapiga kura peke yao. Ibara ya 27 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Kiongozi asiyeweza kukubali kuandikiwa notisi ya mwendo hana haki ya kutuhutubia juu ya utawala wa sheria, awe wa serikali au wa upinzani.

Kwa waumini tuna neno la ziada, kwa maana kanisa haliwezi kusema kwamba hili ni jambo la kidunia. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kudhulumu watu na akawataka watosheke na mshahara wao. Liwali Feliki alimwita Paulo mara kwa mara akitumaini kupewa fedha. Paulo hakutoa, akabaki kifungoni miaka miwili. Na huko Filipi, mtume huyohuyo alipopigwa bila kuhukumiwa na kisha kuambiwa aondoke kimyakimya, alikataa, akawataka wakuu wa mji waje wenyewe kumtoa. Alijua sheria ya nchi, akaitumia bila haya. Mkristo anayesema "tumwachie Mungu" huku akikunja noti, huyo hajamwachia Mungu kitu.

Kwa hiyo madai yetu ni haya, na tunataka yasomwe katika kila mkutano wa Migori na Homa Bay.

Jedwali la viwango vya faini libandikwe kwa Kiswahili, Dholuo na Kikuria katika vituo vya polisi, mahakamani na katika vituo vya matatu.

Kila anayesimamishwa kwa mwendo aonyeshwe usomaji wa mashine palepale, na anayelipa apewe stakabadhi ya serikali. Kusiwe na malipo yoyote mkononi kando ya barabara.

Alama za mwendo ziwekwe na zitunzwe mwanzoni na mwishoni mwa kila kituo cha biashara, maana serikali haiwezi kuadhibu kwa kikomo ilichokificha.

Mahakimu wa kaunti hizi mbili wahakikishe kwamba hakuna dereva anayekiri kwa lugha asiyoielewa.

Mawakili wenzetu watenge siku ya kuwashauri madereva bila malipo. Si lazima kumtetea kila mtu. Yatosha kumwambia kila mtu ukweli wa kesi yake, hata kama ukweli huo ni kwamba ana hatia na alipe.

Na kila kanisa, Jumapili au Sabato, litenge robo saa baada ya ibada kuwafundisha waumini njia hizi tatu. Anayeombwa hongo aandike tarehe, saa, mahali na nambari ya askari, kisha apeleke malalamiko kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, zote zilizoundwa kwa sheria za mwaka 2011. Asiende peke yake. Abiria waliokuwamo garini wawe mashahidi wake. Malalamiko ya mtu mmoja huwekwa kabatini, lakini ya abiria kumi na wanne wenye majina na sahihi si rahisi kuyafungia.

Chama kimoja kilianguka kwa sababu watu wa kawaida waliacha kukiogopa, mmoja baada ya mwingine, mpaka woga ukahama upande. Kizuizi nacho kitaanguka vivyo hivyo. Ukiwa na kosa, kiri na ulipe kwa stakabadhi. Ukiwa huna, kana na ujitetee. Ukiwa abiria, nyamaza pale unapotaka kusema "mpe twende", na usimame uwe shahidi. Tulikataa kutawaliwa bila kura. Tukatae pia kuhukumiwa bila kesi.